Gari Yako Iko Juu Kiasi Gani? Hesabu ya Sentimita 16 Kabla Hujanunua Sedani

Ukipita kwenye vimbweta jioni, hasa mwaka wa tatu unapoelekea ukingoni, utasikia mada tatu tu: matokeo, ajira na gari ya kwanza. Kwenye hiyo ya tatu kila mtu ni mtaalamu. Cc ngapi? Inakula mafuta kiasi gani? Imetembea kilomita ngapi? Ni namba D au namba E? Haya ni maswali ya msingi na sina ugomvi nayo. Ila kuna swali moja ambalo karibu hakuna anayeuliza, na ndilo litakaloamua kama gari hiyo itakufikisha kazini mwezi wa nne au utaiacha kwa mtu na kumalizia safari kwa bodaboda. Swali lenyewe: tumbo la hiyo gari liko umbali gani kutoka ardhini?

Kwa sisi tunaosoma ualimu, swali hili si la utani. Kituo cha kazi hatuchagui, tunapangiwa. Unaweza kupangiwa shule iliyo kando ya lami, na unaweza kupangiwa shule ambayo kilomita 20 za mwisho ni rafu rodi iliyochimbwa na mafuso. Nilipokuwa BTP, mwalimu mmoja wa shule niliyopelekwa alikuwa na sedani safi kabisa. Alituambia kila masika ikianza huiacha senta kwa rafiki yake, anapanda bodaboda asubuhi na jioni, na marejesho ya mkopo aliochukua kununulia gari yanaendelea kukatwa kwenye mshahara kama kawaida. Gari ni nzima na injini haina tatizo, ila haiwezi kupita njia ya kwenda kazini kwake. Tulielewane vizuri basi kabla hatujaanza kusaini mikopo.

Tunapima nini hasa?

Uwazi wa chini, ambao mafundi wengine wanauita klirensi, ni umbali kutoka ardhini hadi sehemu ya gari inayoning'inia chini kuliko zote, ukiacha matairi na vitu vinavyoshikana nayo moja kwa moja. Zingatia hayo maneno "kuliko zote". Watu wengi huangalia ubavu wa gari, chini ya milango, wakaona pako juu, wakaridhika. Lakini kinachogusa kwanza mara nyingi si ubavu. Ni sampu ya oili, au bomba la ekzosi, au chuma kinachobeba injini na mikono ya matairi ya mbele. Ukitaka kujua, itabidi uchuchumae.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fundi. Chukua karatasi ya A4, ikunje katikati mara moja. Umepata karatasi yenye upande mfupi wa karibu sentimita 15 na upande mrefu wa sentimita 21. Hiyo ndiyo zana yako ya kufundishia. Sedani nyingi zilizotoka Japani zinazotembea mitaani kwetu zina uwazi wa sentimita 14 hadi 16 na kidogo; Toyota Premio na Allion, kwa mfano, ziko kwenye 15 na nusu hadi 16. Magari ya juu ya mjini kama RAV4 na Harrier yako kwenye 18 na kuendelea, na Land Cruiser za kazi huvuka 20. Kwa hiyo ukisimamisha karatasi yako kwa upande mfupi chini ya gari na inapita kwa shida, hiyo ni sedani ya kawaida. Ikipita kwa upande mrefu, hiyo si sedani tena. Na kama hata upande mfupi haupiti, mwenye gari ana maelezo ya kutoa.

Mbona Wajapani wanatengeneza magari yaliyo chini hivyo? Kwa sababu ya barabara zao. Sheria zao za usalama wa magari zinataka uwazi usiopungua sentimita 9 tu, kwa hiyo gari ya sentimita 15 kwao haina shida yoyote. Na kuwa chini kuna faida zake halisi. Gari iliyo chini inashika barabara vizuri kwenye kona, haiyumbi ovyo, na inapasua upepo kwa urahisi, hivyo inakunywa mafuta kidogo. Kwa mtu anayeishi na kufanya kazi kwenye lami, sedani si kosa hata kidogo. Shida inakuja pale tunapoichukua gari iliyotengenezwa kwa barabara za Nagoya na kuipeleka Kishapu mwezi wa nne bila kupiga hesabu.

Namba hiyo inapungua

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Zile sentimita 16 zilizoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda ni za gari tupu, yenye springi mpya, ikiwa imesimama mahali tambarare. Ingiza watu na mambo yanabadilika.

Tukumbuke kanuni ya Hooke tuliyoisoma sekondari: springi hunywea kadiri ya uzito unaoibana. Tuseme springi mbili za nyuma kwa pamoja zinanywea sentimita moja kwa kila niutoni 400. Ukiweka watu watatu kiti cha nyuma na mabegi kwenye buti, na tuseme kilo 200 za mzigo huo zinaangukia matairi ya nyuma, hizo ni niutoni 2,000. Gawanya kwa 400: nyuma imeshuka sentimita 5. Katikati ya gari itashuka karibu nusu ya hiyo, yaani 2 na nusu. Ongeza dereva na abiria wa mbele, tuseme wanakula sentimita 1 na nusu. Kutoka 16, pale katikati umebaki na 12.

Sasa ije tuta. Tuta la sentimita 10 si tuta la ajabu; yako makubwa kuliko hilo, hasa yale yanayojengwa na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa. Ukiwa peke yako ulipita juu yake ukiwa na akiba ya karibu sentimita 5. Ukiwa na wenzako wanne akiba imebaki 2. Ukipanda tuta hilo kwa mwendo, gari inarushwa juu kidogo, ikitua springi zinabanwa zaidi, na zile sentimita 2 zinaisha kabla hujasema "samahani". Ndiyo maana utasikia mtu akiapa: "Mbona hapa napitaga kila siku?" Ni kweli anapita kila siku, ila akiwa peke yake.

Breki nazo zinakula. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unahamia mbele na pua inainama. Dereva anayefunga breki akiwa juu ya tuta tayari anaishusha bampa yake mwenyewe wakati anaihitaji iwe juu. Tatu ni umri. Gari iliyotumika miaka 15 ina springi zilizochoka, na springi iliyochoka imekaa chini hata gari ikiwa tupu. Kwa hiyo usinunue namba ya kwenye mtandao. Nunua namba uliyoipima wewe.

Urefu wa gari nao una neno lake

Magari mawili yanaweza kuwa na uwazi uleule, moja likapita na jingine likakaa kwenye kichuguu. Sababu ni umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma. Fikiria benchi mbili zenye miguu ya kimo kimoja, moja fupi na nyingine ndefu. Zisogeze juu ya lundo la mchanga. Ile ndefu italalia lundo kwanza.

Kwa wanaopenda namba: chukua uwazi wa chini, gawanya kwa nusu ya umbali kati ya matairi, tafuta pembe ya tanjenti hiyo, kisha zidisha kwa mbili. Toyota IST ya kwanza ina sentimita 237 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Mark X ya kwanza ina 285. Tuyape yote mawili sentimita 16 za uwazi ili tulinganishe kwa haki. IST inapata pembe ya karibu digrii 15, Mark X karibu 13. Digrii mbili zinaonekana kidogo kwenye daftari, lakini kwenye mlango wa geti wenye mgongo mkali ndizo zinazoamua kama utasikia mkwaruzo au hutasikia. IST si sedani, najua, haina buti la kuchomoza. Nimeileta kuonyesha kwamba gari fupi lina nafuu hata kama halijainuka.

Angalia pia pua na mkia. Gari yenye bampa ndefu ya mbele, hasa zile zilizoongezewa bampa za kispoti, itagusa kwenye mtaro kabla tairi halijafika. Hapo uwazi wa tumboni haukusaidii kitu.

Imani tatu za mtaani

Ya kwanza: "Weka rimu kubwa, gari itapanda." Si lazima. Kinachoinua gari ni ukubwa wa tairi zima kwa nje, na si chuma cha ndani. Tairi ya 195/65 rimu 15 ina kipenyo cha karibu milimita 634. Tairi ya 215/45 rimu 17 ina kipenyo cha karibu milimita 625. Yaani umelipa pesa, umeongeza rimu namba mbili, na gari imeshuka karibu milimita 5. Juu ya hapo umepata tairi nyembamba ambayo ukiingia shimo, rimu inapokea kipigo moja kwa moja.

Tairi kubwa kweli kwa nje linainua, ila kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kutoka 185/65 rimu 15 kwenda 195/65 rimu 15, kipenyo kinaongezeka milimita 13, na gari inapanda milimita 6 na nusu. Na spidomita inaanza kukudanganya kwa takriban asilimia 2: inasoma 50, wewe uko 51. Ukizidisha ukubwa, tairi linaanza kukwaruza ndani ya madigadi unapokata kona.

Ya pili: "Weka speza, maliza kazi." Speza ni vipande vinavyowekwa juu ya springi au shokapu ili kuinua bodi, na kweli vinafanya kazi. Speza ya sentimita 3 juu ya shokapu ya mbele inakupa karibu sentimita 3. Lakini gari haikuumbwa hivyo. Mikono ya shafti zinazozungusha matairi inakaa kwa pembe mpya na viungio vyake vinaisha mapema, matairi yanaanza kulika upande mmoja mpaka ufanye wili alaimenti, na uzito wa gari umepanda juu, kwa hiyo kwenye kona ya ghafla inalala zaidi kuliko ulivyozoea. Speza ndogo, zilizofungwa na fundi anayejua na kufuatiwa na alaimenti, ni jambo la kueleweka. Kurundika speza za sentimita 6 kwenye sedani ili ifanane na gari ya porini ni kununua ajali. Na kama tatizo ni springi zilizochoka, dawa ni springi mpya za vipimo vyake, kwa sababu speza juu ya springi iliyokufa haiifufui.

Ya tatu: "Hii ni fowili, inapita popote." Fowili maana yake injini inasukuma matairi manne. Inakusaidia kwenye utelezi. Haikuinui hata milimita moja. Ziko Premio na Allion za fowili zilizotengenezwa kwa ajili ya theluji ya Japani, na tumbo lake liko palepale na la mwenzake. Ukilalia tuta la katikati ya barabara, matairi yote manne yatazunguka hewani kwa usawa.

Siku ya kwenda kuangalia gari

Nenda na karatasi yako ya A4, rula, tochi ya simu na marafiki watatu. Marafiki si kwa ajili ya kushangilia. Wana kazi.

Kwanza, gari ikiwa tupu mahali tambarare, chuchumaa mbele, ubavuni na nyuma. Tafuta kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote, kipime. Pili, pima kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa digadi juu yake. Kulia na kushoto vilingane. Kama upande mmoja umeshuka kwa sentimita 2, kuna springi iliyokatika au kuchoka, na hiyo ni hoja yako kwenye kupatana bei. Tatu, waambie wenzako wapande, watatu nyuma, wewe uchuchumae tena. Pima. Namba hiyo ya pili ndiyo gari utakayoishi nayo siku za harusi, misiba na safari za kwenda nyumbani.

Kisha washa tochi uangalie tumbo. Mikwaruzo mipya kwenye sampu, ekzosi iliyobonyea, kuchomelea kusikofanana na kwa kiwandani, kava la plastiki lililofungwa kwa waya: hizo ni kumbukumbu za barabara gari hiyo ilizopita. Mkwaruzo mmoja si dhambi. Sampu iliyobonyea ndani ni swali linalohitaji fundi wako kabla ya hela yako.

Mwisho jiulize njia yako halisi ni ipi, si ile ya ndotoni. Kama ni lami kila siku na rafu rodi mara mbili kwa mwaka, sedani inakutosha na itakuokolea mafuta. Kama kila siku kuna kilomita za tope la udongo mweusi au njia yenye mifereji ya malori, gari ya juu kidogo hata kama ni ya zamani zaidi, au hata pikipiki nzuri, inaweza kuwa na akili kuliko sedani mpya. Na kama bado hujapangiwa kituo, subira hailipishwi riba.

Ukishaendesha

Kwenye tuta, punguza mwendo mapema ukiwa bado kwenye tambarare, kisha achia breki kabla tairi za mbele hazijaanza kupanda. Pua itakuwa imeinuka. Panda taratibu, shuka taratibu.

Kwenye geti au mtaro wenye mgongo mkali, ingia kwa mshazari ili tairi moja litangulie. Hii ni ya getini na uani. Barabarani penye magari usifanye, kwa sababu unaingia upande wa mwenzako.

Kwenye njia yenye mifereji miwili ya malori, usifuate mifereji. Malori yana matairi makubwa, mfereji wake ni kaburi la tumbo lako. Weka matairi ya upande mmoja juu ya lile tuta la katikati na mengine kwenye ukingo wa nje, uende polepole. Jiwe usilolijua kimo chake usilipitishe katikati ya matairi kwa kubahatisha. Lizunguke, au shuka ulitoe.

Njia ikiwa mbaya sana, abiria washuke watembee mita hizo 30. Hakuna haya. Kwa hesabu yetu ya juu, watatu wa nyuma wakishuka na mabegi yao, tumbo linapanda sentimita 2 na nusu na nyuma inapanda 5, bure, bila speza.

Maji ni habari nyingine. Pale Jangwani mvua ikikolea kila mtu anaona magari yaliyozimika. Hapo tatizo si kugusa chini tu. Injini ikivuta maji kupitia njia yake ya hewa, inaweza kupinda vyuma vya ndani kwa sekunde. Kama hujui kina, au unaona maji yamefika katikati ya matairi ya gari iliyotangulia, geuza. Na ikizimikia majini usijaribu kuiwasha.

Na ukigusa kwa nguvu, usiongeze sauti ya redio. Simama mahali salama, angalia chini. Ikidondoka oili, au taa nyekundu yenye picha ya kibirika ikiwaka kwenye dashibodi, zima injini hapohapo na upige simu kwa fundi. Sampu iliyotoboka inazibika au inabadilishwa. Injini iliyotembea bila oili hata kwa dakika chache inaweza kukugharimu injini nzima. Kama njia yako ni mbaya mara kwa mara, bamba la chuma la kukinga sampu ni msaada mzuri, ila kumbuka nalo linakula uwazi kidogo na fundi aache nafasi ya kumwagia oili.

Kituo cha kazi utapangiwa, na barabara ya kwenda huko wako TARURA na TANROADS wa kuitengeneza kwa wakati wao. Gari utachagua mwenyewe, kwa mshahara ambao utakatwa miezi mingi. Kabla hujatuma hela, kunja ile karatasi ya A4 uende ukachuchumae.